Binti wa Kiatu Kimoja: Sehemu ya Saba

Niliwaacha wiki iliyopita mkono wangu ukiwa ndani ya ukuta, umezama hadi kwenye kiwiko, na vidole vimeshika kitu chenye umbo la mguu wa mtoto.

Baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama ulikuwa mguu kweli. Haukuwa mguu. Kilikuwa kiatu.

Nilikitoa polepole, kwa sababu ngozi iliyokaa gizani miaka mingi huvunjika kama mkate mkavu. Kilitoka na vumbi jeupe la chokaa. Kiatu cha mguu wa kulia, urefu inchi saba, rangi ya kahawia, mkanda mmoja wa kupita juu ya mguu, kifungo kimoja.

"Ndicho chenyewe," alisema Amos Gough nyuma yangu. "Jamani. Na mimi miaka yote nikiwaambia watu ni upepo."

Kwa yule anayeanza leo, mambo ni haya. Novemba ya mwaka 1963, mimi, Lionel Askew, mkaguzi wa majengo ya kale, nilitumwa na kampuni moja ya bia kuipima nyumba ya wageni iitwayo Mganda wa Shayiri, kijijini Stoke Yarrow, Shropshire. Nyumba ina miaka mia tatu na ushee. Kampuni ilitaka kubomoa meko ya zamani, ipange meza, na kila Jumamosi iwauzie watu wa mjini chakula pamoja na mizimu. Walioiendesha, Wilfred Tranter na mkewe Maud, walitakiwa wawe wamehama kabla ya Krismasi.

Wilf alikuwa tayari. Maud alikataa. Hakutaja mkataba wala mwanasheria. Alisema tu kwamba binti yake Letty, aliyekufa maji akiwa na miaka sita, bado hutembea ghorofani kila siku saa kumi alasiri, na kwamba mama hahami akamwacha mtoto peke yake nyumbani.

Hatua hizo nilizisikia kwa masikio yangu. Ko, halafu fyu. Ko, fyu. Mguu mmoja una kiatu, wa pili hauna.

Kijiji kilikuwa na maelezo yake: ni binti wa zama za magari ya farasi, aliyetoroka na askari, akadondosha kiatu ngazini na kuvunjika shingo. Kampuni ilikuwa imeshamchora kwenye ubao wa mlangoni. Maelezo yangu mimi yalikuwa bomba la maji ya moto. Jumatatu nililifunga bomba hilo na kumwaga maji yote. Jumanne saa kumi hatua zilikuja kama kawaida. Niliandika hivyo kwenye daftari, bila kuongeza neno.

Sasa ilikuwa Jumatano, saa tisa na nusu alasiri. Baa ilikuwa imefungwa hadi jioni, kama sheria inavyotaka. Amos alikuwa kwenye benchi lake la pembeni, kikombe chake cha bati mkononi. Alikuwa na miaka sabini na minne na hakuwahi kutoka saa za kufunga. Mara ya kwanza nilipomuuliza kuhusu sheria alinijibu, "Mimi saa hizi si mteja, bwana. Mimi ni samani."

Wilf alikuwa nyuma ya kaunta akifuta bilauri. Ilikuwa bilauri ile ile aliyokuwa akiifuta nilipoanza kupiga patasi.

"Kirudishe," alisema Amos.

"Nini?"

"Kiatu, Bwana Futikamba. Kirudishe ulikokitoa, uzibe kabla giza halijaingia. Kiatu cha ukutani hakitolewi. Muulize fundi yeyote."

Sikuhitaji kumuuliza fundi. Katika miaka kumi na tisa ya kazi nilikuwa nimetoa viatu ukutani mara kumi na moja. Waashi wa zamani waliweka kiatu kimoja kando ya dohani, bomba la kutolea moshi wa meko, kwa kuwa dohani ndilo tundu pekee la nyumba lisilofungwa. Ubaya ukishuka humo utakikuta kiatu, utadhani umempata mtu, utaishia hapo. Masharti yalikuwa matatu. Kiwe kimevaliwa, kwa sababu kiatu hubaki na umbo la mwenyewe. Kiwe kimoja tu. Na aliyekiweka asimwambie yeyote nyumbani, akisema ulinzi unakwisha.

Lakini viatu vyangu kumi na kimoja vilikuwa na umri wa miaka mia na zaidi. Hiki nilikigeuza juu chini. Soli ilikuwa ya mpira, imekatwa kwenye tairi la baiskeli na kupigiliwa misumari midogo saba.

"Binti yako wa magari ya farasi," nilimwambia Amos, "alitoroka kwa baiskeli?"

Amos alisogea akatazama. Akanywa kidogo. "Labda askari ndiye aliyekuwa nayo."

"Kuna kijitabu cha kasisi wenu, cha mwaka 1911. Kinataja mizimu mitatu ya nyumba hii: mwendesha gari asiye na kichwa, mtawa wa kijivu, na farasi anayehema zizini. Binti hayumo. Anatajwa mara ya kwanza kwenye kitabu cha wageni, Mei 1946. Mchuuzi wa mbegu ameandika: Nililala vizuri, ila mtoto wenu wa juu anahitaji kiatu cha pili."

"Alikuwa mtu wa masihara yule," alisema Amos. "Alituuzia mbegu za kabichi zikaota figili."

Wilf hakucheka. Nilipaswa kuliona hilo. Nilikuwa nikitazama chokaa.

Kiraka kile cha ukuta nilikigundua kwa sababu chokaa yake ilikuwa mbovu. Chokaa ikigandishwa na barafu kabla haijakauka haishiki tena. Hubaki unga. Kwa hiyo aliyekiziba kiatu alifanya kazi katika baridi kali mno, katika nyumba ambayo moto wake mkubwa ulikuwa umezimwa. Baridi za namna hiyo huhesabika. Ya Januari ya mwaka huo huo haiwezi kuwa, masizi yalikuwa mazito mno. Zinabaki mbili.

Nilisema kwa sauti, kama mtu asomaye kipimo: "Elfu moja mia tisa arobaini na saba, au arobaini."

"Nani ametaja arobaini?"

Maud Tranter alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia la chai. Mwanamke wa miaka sitini na mmoja, mwembamba, aproni safi, nywele zimebanwa kwa pini nyingi kuliko zilivyohitaji.

Nilikuwa bado nimekishika kiatu. Ningeweza kukitia mfukoni. Niliona ni jambo la ukweli tu, na ukweli nilikuwa nimezoea kuuweka mezani. Nikakiweka mezani.

Aliliweka sinia chini bila kumwaga tone. Akaja. Hakukigusa kwanza. Aliinama akakitazama kifungo.

Kilikuwa kifungo cheusi, kikubwa kuliko tundu lake, kifungo cha koti. Kimeshonwa kwa uzi wa bluu.

"Nilikishona mimi," alisema. "Jumapili jioni, kabla ya ibada. Sikuwa na uzi wa kahawia. Akasema, Mama, watanicheka. Nikamwambia hakuna anayetazama miguu ya mtu kanisani."

Ndipo alipokigusa, kwa ncha ya kidole.

"Nilikitafuta, Bwana Askew. Kilipotea Jumatano usiku, nikakitafuta tangu Alhamisi asubuhi. Kimoja kilikuwa chini ya kitanda, cha kushoto, hiki hakipo. Siku ya soko theluji ilikuwa imeziba njia, hatungeweza kumpatia vingine. Jumamosi akaenda kucheza amevaa gambuti za baba yake, zimejazwa magazeti. Barafu ya bwawa la kinu ikavunjika."

Ripoti ya uchunguzi wa kifo hicho nilikuwa nimeisoma kwenye gazeti la zamani. Ilikuwa na mistari tisa. Ilisema maji hayakuwa na kina kirefu, na kwamba mtoto angeweza kujinusuru kama gambuti za mtu mzima zisingejaa maji.

"Nilimzika na cha kushoto," alisema Maud. "Mguu wa kulia nilimvika soksi. Nilidhani tutakipata kabla ya kufunga jeneza. Hilo alilijua kasisi, na seremala, na sisi wawili. Kasisi amekufa. Seremala amekufa. Ndiyo maana huyo mchuuzi wa mbegu alipoandika vile, nilijua ni nani yuko juu. Nyinyi mkasema binti wa askari. Nikawaacha."

Amos alikuwa amekiweka kikombe chake kwenye benchi.

"Maud," alisema. "Kama kiatu kilikuwa ukutani, basi Ivy hakukichoma."

Hapa sina budi kuwaeleza. Ivy Gough alikuwa msichana wa kazi wa nyumba hii, miaka kumi na sita, binti pekee wa Amos. Yeye ndiye aliyekuwa akisafisha viatu jioni, na yeye ndiye aliyemshika Letty mkono kila asubuhi kumpeleka shule. Baada ya mazishi Maud alimwambia kwamba alikiacha kiatu karibu na moto kikaungua, na kwamba anadanganya, na kwamba asingekuwa mzembe mtoto angekuwa hai. Akamfukuza. Stoke Yarrow ina nyumba arobaini, na hakuna hata moja iliyomchukua. Machi alikwenda Coventry kufanya kazi kiwandani. Novemba ndege za adui zilikuja Coventry na mabomu.

Miaka ishirini na mitatu Amos alikaa kwenye benchi lile akinywa bia ya watu waliomfukuza mwanawe, kwa sababu aliamini kwamba walikuwa na haki.

"Hakukichoma," alisema Maud. Alisema polepole, kama mtu anayejaribu neno geni. "Basi ni nani?"

Wilf aliiweka bilauri.

"Ni mimi, Maud."

Alitoka nyuma ya kaunta lakini hakusogea sana. Alishika ukingo wake kwa nyuma.

"Dohani ilishika moto ile Jumanne, unakumbuka. Matofali yakapasuka. Vijana wote wamekwenda jeshini, nikamwita mzee Enoch, yule mwashi, tukaziba wawili. Redio kila jioni inasema maadui watakuja kwa ndege, watatupulizia sumu. Nikamuuliza Enoch, kama mtu anayewaza kwa sauti, mtu afanye nini. Akaniambia baba yake alifanya, na babu yake. Weka kiatu cha yule unayempenda kuliko wote. Kimoja. Usiseme."

"Cha yule unayempenda."

"Kiwe alichokuwa akikivaa. Vile vya kwake vya zamani ulikuwa umeshampa mtoto wa mwenye kinu. Nilikuwa nimnunulie vingine siku ya soko, Maud. Ilikuwa siku mbili tu."

"Niling'oa mbao za sakafu," alisema Maud. "Chumbani kwake. Usiku kabla ya mazishi. Nilizing'oa kwa mikono na kisu cha mkate. Na wewe ulikuwa wapi?"

Wilf alitazama mawe ya sakafu.

"Mwambie Bwana Askew ulikuwa wapi."

"Nilikuwa nimekushikia taa," alisema Wilf.



"Na Ivy wangu," alisema Amos, "yeye ulimshikia nini?"

"Amos."

"Nauliza tu. Alipita hapo mlangoni na kisanduku chake. Mimi nilikuwa nje na baiskeli. Wewe ulikuja ukamfungia kamba ya kisanduku. Nikasema, Wilf ana moyo, amemfungia msichana kamba."

"Nilitaka kusema. Kila nilipofungua mdomo, nilichokuwa naenda kusema ni kwamba nimemuua mwanangu. Nikasema kesho. Kisha Ivy akaenda. Kisha ikaja habari ya Coventry, na baada ya hapo sikuwa na kesho tena ya kusemea."

Amos alisimama. Nilidhani atampiga, na kwa umri wao wote wawili nilianza kusogeza meza. Hakumpiga. Alikwenda kwenye msumari juu ya kaunta ambako kikombe chake hutundikwa kila usiku. Alikitundika. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na mbili, na kikombe bado kilikuwa na bia. Ilimwagika yote chini ya ukuta.

"Amos, keti," alisema Maud.

"Siketi."

"Basi simama. Lakini usiondoke. Na mimi ninalo la kwangu kwako, na nitalisema, ila si sasa." Alinigeukia. Uso wake haukuwa na chozi. "Bwana Askew, una chokaa?"

"Ndoo nzima."

"Nzuri?"

"Nimeichanganya mchana. Nzuri."

"Kirudishe kiatu ukutani uzibe."

Wilf alishtuka. "Maud, kwa nini?"

"Kwa nini? Wewe unaniuliza kwa nini?" Hakupandisha sauti. "Anatembea kwa sababu anakitafuta. Akikipata, atabaki kufanya nini humu? Umenichukulia kiatu, umenichukulia mtoto. Hatua zake hunichukulii. Ziba, Bwana Askew. Nitahama au sitahama, hilo tutaona, lakini saa kumi ya leo nataka kumsikia, na ya kesho."

"Miaka ishirini na mitatu anatafuta," alisema Wilf. "Kila siku, Maud. Mtoto wa miaka sita. Mguu mmoja kwenye mbao baridi."

"Nyamaza wewe."

Nilichukua mwiko. Sikuwa na maoni. Nilipiga magoti mbele ya tundu na kukishika kiatu, na hapo Maud akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Wewe mtu wa vipimo. Nikikiweka juu, mlangoni kwake, atakwenda?"

"Sina kipimo cha hilo, Bibi Tranter."

"Ulisema ni bomba."

"Nilisema. Nilikosea. Bomba ni tupu tangu Jumatatu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui. Ninachojua ni kwamba leo ni mara ya kwanza kiatu hiki kuwa nje ya ukuta. Kitakachofuata hakuna aliyewahi kukipima."

Alikaa kwenye kiti. Mikono yake ilikuwa imelala kwenye aproni, viganja juu, kama vitu alivyopewa ashike na hajui aviweke wapi.

Aliyesema alikuwa Amos. Alikuwa bado amesimama kando ya kaunta, akitazama bia iliyomwagika.

"Muda mfupi uliopita mimi ndiye niliyesema kirudishwe. Hilo nalifuta." Alivuta pumzi. "Nilikwenda Coventry, Maud. Sikuwahi kukueleza. Nilikaa siku sita. Kuna bwana mmoja alikuwa na orodha. Akaniambia, mzee, ile nyumba aliyopanga hatukutoa kitu ndani yake cha kukupa. Sikupata hata kitana. Ningepewa kiatu chake kimoja, ningetembea nacho hadi huku kwa miguu." Akainua macho. "Mimi sina hata cha kumpa. Wewe unacho. Mpe mtoto kiatu chake."

Maud aliinuka.

Alikichukua mkononi mwangu. Akakifuta chokaa kwa aproni, mbele, nyuma, chini ya soli, na ule uzi wa bluu akaupitishia kidole chenye mate, kama mama afanyavyo kwa uso wa mtoto kabla ya kanisa. Akapanda ngazi. Tulisikia nyayo zake kwenye korido hadi chumba namba nne, cha Letty. Zikasimama. Zikarudi.

Aliposhuka hakuwa na kitu mkononi. Akaketi mahali pake.

Sasa nawapa mambo kama yalivyo kwenye daftari langu, na mtafanya nayo mpendavyo. Saa kumi kasoro dakika mbili. Watu wanne katika nyumba, wote wanne ndani ya baa, wote wanne mbele ya macho yangu: Maud kwenye kiti, Wilf kaunta, Amos kando yake, mimi nimepiga magoti mbele ya meko. Wageni hakuna. Milango ya nyuma na ya zizi nilikuwa nimeifunga mwenyewe. Bomba tupu. Upepo hakuna. Ngazi ina vidato kumi na vitatu, na cha saba hulia kikikanyagwa. Nilikuwa nimekipima kwa mifuko ya mchanga: chini ya ratili arobaini hakitoi sauti.

Kengele ya kanisa ikapiga.

Ko. Fyu. Ko. Fyu. Kutoka mwisho wa korido, kama kila siku.

Maud alifumba macho. Midomo yake ilikuwa ikizihesabu.

Hatua zikafika chumba namba nne. Zikasimama.

Nilitoa saa yangu. Sekunde kumi. Ishirini. Wilf alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Arobaini. Hamsini.

"Amekwenda," alinong'ona Wilf.

"Hajaenda," alisema Maud, macho bado amefumba. "Anafunga kifungo. Hakuwahi kukiweza kile kifungo, ni kikubwa. Mpe nafasi."

Sekunde sabini na nne. Kisha, juu ya vichwa vyetu:

Ko. Ko.

Ko. Ko. Ko.

Hatua mbili zinazolingana. Polepole mwanzoni, kisha haraka, kisha mbio, mwisho wa korido na kurudi, mwisho na kurudi, kama mtoto yeyote mwenye viatu anavyofanya kwenye mbao akijua kwamba atakatazwa. Wilf Tranter aliteleza mgongo kwenye kaunta hadi akaketi sakafuni, na Amos Gough, ambaye robo saa kabla alikuwa na kila sababu ya kumpiga, akamwekea mkono begani na kuuacha hapo.

Maud alikuwa akitabasamu. Machozi yalikuwa yamefika sasa na hakuyafuta.

Kisha hatua zikaja kwenye ngazi.

"Hajawahi kushuka," alisema Maud. Tabasamu lilikuwa limemtoka. "Hajawahi. Wilf, anashuka."

Kidato cha kwanza. Cha pili. Nilikuwa nikitazama ngazi yenyewe, ilikuwa na mwanga wa kutosha kutoka dirishani, na hakukuwa na mtu. Cha tano. Cha sita.

Kidato cha saba kililia.

Nililiandika hilo. Mwandiko wangu kwenye mstari ule si mzuri.

Hatua zilifika chini. Kwenye mawe ya sakafu ya baa sauti ilibadilika, ikawa kavu zaidi. Zilipita kati ya kiti cha Maud na mimi, nikahisi baridi kidogo mgongoni, ingawa hilo silihesabu kwa kuwa meko yalikuwa wazi. Zikaenda moja kwa moja hadi mlango mkubwa wa mbele. Zikasimama.

Tulingoja. Hakikutokea kitu.

"Anataka nini?" aliuliza Wilf.

"Hafikii," alisema Maud.

Nilikuwa nimeupima mlango huo wiki iliyotangulia. Komeo lake ni la chuma, zito, futi tano kutoka sakafuni. Mtoto wa miaka sita halifikii, na akilifikia haliinui.

"Siku ile alisimama hapo hapo," alisema Maud. Alikuwa akizungumza na mlango. "Mmesema yenu nyote, sasa nasema langu. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye meko, nikisugua masizi ya ule moto. Akaniita, Mama, nifungulie. Akaniita mara tatu. Nikaja nikamfungulia. Sikumtazama miguuni. Kama ningetazama ningeziona zile gambuti, na nisingemwachia atoke nazo kwenye barafu. Nikamwambia nenda ukacheze huko, unanizuia kazi. Ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia. Na Ivy nikamfukuza ili pawe na mtu mwingine wa kulaumiwa."

Nje jua lilikuwa limeshuka nyuma ya kinu. Mwanga uliobaki ulikuwa chini ya mlango tu, mstari mwembamba.

"Usifungue," alisema Wilf kutoka sakafuni. Mtu aliyemwomba mkewe amwachie mtoto aende, sasa sauti yake ilikuwa imekatika. "Maud. Subiri hadi kesho."

"Umeshasema kesho ya kutosha, Wilf."

Alisimama. Akaenda hadi mlangoni, akasogea pembeni kidogo kama unavyompisha mtu mfupi, akauweka mkono kwenye komeo. Na safari hii, kabla ya kulinyanyua, aliinama akatazama miguu.

Mimi niliona mlango, na komeo, na mwanamke aliyeinama mbele ya mawe matupu.

Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha macho yake yakaanza kupanda. Yalipita kimo cha mtoto wa miaka sita, yakaendelea kupanda, hadi yakawa sawasawa na ya kwake.

"Amos," alisema kwa sauti ya chini, bila kugeuka. "Njoo hapa mlangoni. Ameshikwa mkono."